Usiku wa Mgonjwa wa Saratani: Tusiishie Kusema "Sali, Utalala"



Jumapili moja mwaka jana, baada ya Misa ya pili, nilikwenda pamoja na wanajumuiya wawili kumtembelea mama mmoja wa jumuiya yao. Alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya titi: upasuaji, dripu za kemo, na mwisho mionzi. Alikuwa amebaki na kidonge kimoja cha kila siku, ambacho daktari alimwambia atakinywa kwa miaka kadhaa. Tulimkuta ameketi sebuleni amevaa kitenge kizuri, na yeye ndiye aliyetuandalia chai. Tukasali, tukaimba, tukampa hongera. Wenzangu walipotoka nje kuaga majirani, aliniambia kwa sauti ya chini: "Frateri, saratani nimeikubali. Usiku ndio umenishinda."

Akanieleza. Huingia kitandani akiwa amechoka hoi, lakini akishalaza kichwa tu, macho yanafunguka. Husikia jogoo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Joto la ghafla linampanda kifuani, anatupa shuka. Baridi inamrudia, analitafuta tena. Na kila usiku, mawazo ni yaleyale: je, imerudi?

Nilimjibu papo hapo, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuumwa. "Mama, ingia kitandani mapema, hata saa mbili usiku, ili mwili upumzike. Usingizi ukikataa, shika rozari yako hapohapo kitandani, sali mpaka ulale." Niliondoka nikiamini nimetoa ushauri mzuri tena wa Kikatoliki.

Wiki tano baadaye nilirudi. "Nimefanya ulivyosema, mwanangu," aliniambia. Kisha akasita, kama mtu anayeogopa kumkwaza mgeni. "Lakini sasa hata nikiishika rozari mchana, moyo unaanza kwenda mbio kama usiku ule."

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mimi nina miaka 25. Kengele ya usiku ikishalia seminarini nalala fofofo. Nilikuwa nimemshauri mama yule kuhusu kitanda nisichokijua, na ushauri wangu uliongeza ugonjwa. Zaidi ya hayo, uligusa sala yake. Ndiyo maana naandika makala haya. Hoja yangu ni moja: kukosa usingizi kwa mtu mwenye saratani ni ugonjwa wenye tiba inayojulikana, na tiba hiyo sasa hutolewa hata kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa hatuna ruhusa tena ya kuishia kusema "sali, utalala". Tunapaswa kujua tiba hiyo, kuacha kuiharibu kwa ushauri wetu, na kuisaidia iwafikie watu.

Si upungufu wa imani

Mama yule hakuwa peke yake. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba takriban theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa wa saratani wana tatizo la usingizi, na kwa wengi linaendelea muda mrefu baada ya matibabu kwisha. Sababu zinaeleweka. Maumivu huamsha. Deksamethasoni, dawa ambayo wagonjwa wengi hupewa pamoja na kemo ili wasitapike, humfanya mtu abaki macho, hasa akiinywa jioni. Tamoksifeni na dawa nyingine za homoni huleta lile joto la ghafla. Kisha kuna hofu, kuna fedha za nauli na vipimo, kuna watoto ambao ada yao haijalipwa.

Katika mazingira yetu mgonjwa huyo hupewa maelezo mengine kabisa. Mmoja humwambia amerogwa. Mwingine humwambia ana dhambi ambayo hajaiungama, dhamiri inamsuta. Wa tatu, kwa nia njema, humwambia angekuwa na imani ya kutosha angelala kama Yesu alivyolala ndani ya mashua wakati wa dhoruba. Nimesikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mgonjwa, tena na watu wema wanaoongoza sala. Matokeo yake mtu aliyekuwa na mzigo mmoja anabaki na miwili: halali, na sasa anajiona kuwa Mungu amemkasirikia.

Maandiko Matakatifu hayatupi haki ya kusema hivyo. Ayubu alilalamika mbele ya Mungu kuhusu usiku usiokwisha na kugeukageuka mpaka alfajiri, na Mungu hakumhesabia kosa. Waliokemewa mwishoni ni marafiki zake waliokuwa na jibu kwa kila kitu. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, ndipo safari ikaendelea.

Tiba yenyewe ni nini

Baada ya ile ziara ya pili nilianza kuuliza na kusoma. Nilimuuliza muuguzi wa zahanati ya jirani, nikamuuliza mwalimu wetu wa saikolojia, nikasoma nilichoweza kukipata. Nilishangaa kugundua kwamba jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hukulifikiria mwenyewe. Kitanda ni mahali, na mwili hujifunza maana ya mahali. Mtu anayelala vizuri, kitanda kwake kina maana ya usingizi. Akikiona tu anapiga miayo. Mtu aliyekaa kitandani usiku mia moja akiwa macho, ana hofu na anahesabu saa, mwili wake umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukesha na kuogopa. Usingizi unamjia sebuleni kwenye kiti. Akiingia chumbani unakimbia.

Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaongeza jambo la pili. Kinachoanzisha tatizo la usingizi si lazima kiwe ndicho kinacholiendeleza. Saratani, maumivu au dawa vinaweza kuanzisha. Lakini baadaye mgonjwa, akitafuta kufidia, huanza kuingia kitandani mapema, kuchelewa kuamka na kulala mchana kutwa. Kwa hiyo anakaa kitandani saa nyingi na kulala chache, na mazoea hayo ndiyo yanayolilisha tatizo hata sababu ya kwanza ikishapungua.

Kutokana na maarifa hayo na mengine ilijengwa tiba inayofanya kazi juu ya mazoea na mawazo ya mgonjwa, na si lazima itumie dawa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi apewe tiba hiyo kwanza, kabla ya vidonge. Kanuni zake kuu ni hizi.

Kwanza, kitanda ni cha kulala. Kula, kuangalia simu, kupiga hesabu za madeni, kuwaza matokeo ya vipimo, vyote vifanyike mahali pengine.

Pili, ingia kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito, si kwa sababu saa imefika.

Tatu, ukikaa macho kama dakika ishirini hivi, bila kuhesabu kwa saa, inuka. Nenda ukakae kwenye kiti, kwenye mwanga hafifu, ufanye jambo la utulivu. Usingizi ukija, rudi. Ukikimbia tena, inuka tena.

Nne, amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na mchana usilale kwa muda mrefu.

Tano, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, punguza muda wa kukaa kitandani uwe karibu na muda unaolala kweli. Tuchukue mtu anayeingia kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tisa. Akiandika kwenye daftari kwa wiki moja au mbili, anagundua kuwa analala saa tano na nusu tu. Anaweza kuelekezwa aingie kitandani saa sita usiku na kuamka saa kumi na mbili ileile. Wiki ya kwanza atasinzia sana mchana. Lakini usingizi wake unaanza kushikana, na ukishashikana anaongezewa robo saa, na robo saa nyingine, mpaka afikie kiasi kinachomtosha.

Sita, mawazo yenyewe yanazungumzwa. Mgonjwa anayejiambia saa nane za usiku kwamba "nisipolala leo saratani itarudi" anasaidiwa kulitazama wazo hilo mchana, kuona kama ni kweli, na kuliweka mahali pake.

Sasa lilinganishe hili na nililomwambia mama yule. Ingia mapema: nilimwongezea saa za kukesha. Baki kitandani: niliufundisha mwili wake kwamba kitanda ni uwanja wa vita. Shika rozari mpaka ulale: nilichukua sala ya Mama Yetu, nikaifunga pamoja na hofu yake, na kila usiku usingizi ulipokataa, sala nayo ikaonekana imeshindwa. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, lakini nia njema haikuyazuia madhara.

Kwa nini intaneti

Tatizo la tiba hiyo ni watoaji wake. Hata katika nchi tajiri wataalamu wake ni wachache, na mtu aliyechoshwa na mionzi hana nguvu ya kusafiri kila wiki kwenda kuzungumza kwa saa nzima. Ndipo watafiti walipoanza kuiweka kwenye kompyuta na simu. Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kilitengeneza programu moja yenye sehemu sita. Mtumiaji anajaza daftari la usingizi kila asubuhi. Programu inamhesabia muda wa kukaa kitandani na kumfundisha kanuni moja baada ya nyingine.

Watafiti wa Denmark waliipima programu hiyo kwa wanawake 255 waliokuwa wametibiwa saratani ya titi na waliokuwa na shida ya usingizi. Nusu walipewa programu, nusu wakasubiri zamu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliotumia programu walipata nafuu kubwa ya usingizi kuliko waliosubiri, na hata uchovu wao ulipungua. Yote hayo bila kukutana na mtaalamu ana kwa ana.

Lakini kuna upande wa pili ambao wapenzi wa teknolojia wasiuruke. Katika utafiti huo si wote waliomaliza sehemu zote sita. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, Josée Savard na wenzake wa Quebec, Kanada, walikuwa wamechapisha utafiti wa wanawake 242 wenye saratani ya titi. Kundi moja lilipewa tiba na mtaalamu wa kuzungumza naye, kundi la pili likapewa video na vijitabu, la tatu halikupewa tiba hiyo. Waliopewa video walipata nafuu ya kweli. Hata hivyo waliokutana na mtu walipona kwa wingi zaidi.

Mimi naona mafundisho mawili hapa, na yote ni ya kwetu. La kwanza: maarifa haya yanabebeka. Ikiwa video na simu vinaweza kuyafikisha kwa mama aliyeko kijijini Denmark, basi yanaweza kufikishwa hata kwa mama aliyeko kigangoni. La pili: maarifa yakibebwa na mtu, yanafanya kazi vizuri zaidi. Sisi tuna watu.

Hoja zinazopinga

Ndugu yangu mmoja hapa seminarini aliniuliza kwa haki kabisa: kazi ya padre ni sakramenti, usingizi ni wa daktari, kwa nini tujiingize? Nilimjibu kwamba tumeshajiingiza. Kila anayemwambia mgonjwa "pumzika tu kitandani" ametoa ushauri wa kitabibu. Swali lililobaki ni kama ushauri wetu ni wa kweli au si wa kweli.

Nikamkumbusha pia Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye tunamsoma darasani. Katika Summa, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 38, anauliza kama huzuni hupunguzwa na usingizi na kuoga. Unaweza kudhani mwanateolojia mkubwa kama yeye angecheka swali hilo. Yeye anajibu ndiyo. Huzuni huukandamiza mwili, na kinachourudisha mwili katika hali yake njema huipunguza huzuni. Tena anamtaja Mtakatifu Augustino, ambaye baada ya kifo cha mama yake Monika alilala, na alipoamka akaona uchungu wake umelegea. Thoma hakuona aibu kuzungumzia kitanda na bafu, kwa sababu kwake mwanadamu si roho iliyopangishwa katika nyumba ya udongo. Ni mtu mmoja, mwili na roho. Akikosa usingizi, sala yake nayo inapata shida. Na tunapofundishwa kuhusu tabia njema kwamba hujengwa kwa kurudiarudia tendo, tusishangae kusikia kwamba na usingizi una mazoea yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wapo wanaosema: mateso ya usiku ni msalaba, mgonjwa ayatolee sadaka pamoja na Kristo wa Getsemani. Sitaki kulibeza neno hilo. Nimewaona wagonjwa ambao walifanya hivyo kweli, na mbele yao nilinyamaza. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso, Salvifici Doloris, mwaka 1984. Lakini barua hiyohiyo, baada ya kueleza jinsi mateso yanavyounganishwa na msalaba, inamalizikia kwa Msamaria Mwema. Na Msamaria hakumwambia yule majeruhi ayatolee sadaka majeraha yake. Aliyafunga. Mgonjwa anaweza kuyatolea sadaka mateso yake mwenyewe. Mimi sina haki ya kuyatolea sadaka kwa niaba yake wakati dawa ipo nami sikumletea. Mkesha ni sadaka mtu anapouchagua. Mama yule hakuuchagua.

Hoja ya tatu ni ya wenye kuijua hali yetu: simu za kisasa si za wote, bando ni ghali, na programu ninazozifahamu ziko katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Ni kweli. Bibi wa kigangoni hatajaza daftari la usingizi kwenye tovuti ya Kiingereza. Lakini tazama tena zile kanuni sita. Zinahitaji daftari la shule, kalamu, kiti, na mtu wa kuuliza kila wiki: "Usiku ulikwendaje?" Mjukuu wa kidato cha pili anaweza kumwandikia bibi yake saa za kulala na kuamka. Anayejua Kiingereza na ana simu aitumie programu; asiyejua asinyimwe maarifa yaliyomo ndani yake.

Mipaka

Lazima niseme wazi, maana tayari nimekosea mara moja. Frateri, katekista au mwenyekiti wa jumuiya si daktari. Kabla ya kanuni yoyote, mgonjwa aeleze tatizo lake kliniki. Kama kinachomwamsha ni maumivu, anahitaji tiba ya maumivu, na morfini iliyoandikwa na daktari si dhambi wala si dalili kwamba amekata tamaa. Kama ni dawa ya kemo inayomweka macho, daktari anaweza kubadili saa ya kuinywa. Ile kanuni ya tano ya kupunguza muda wa kitandani isianzwe bila ushauri wa mtaalamu, hasa kwa aliye katikati ya kemo, mwenye kifafa, mwenye historia ya ugonjwa wa akili, au anayeendesha chombo cha moto. Mgonjwa dhaifu sana, au anayekaribia mwisho wa safari yake, hapaswi kuondolewa kitandani usiku. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye. Na anayesema kwamba hataki kuishi tena apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Kuhusu vidonge vya usingizi, daktari anaweza kuviandika kwa muda mfupi kwa sababu anazozijua. Ninachokiogopa ni vile vinavyonunuliwa bila cheti dukani. Vikikutana na morfini vinaweza kupunguza pumzi kwa kiasi cha hatari; vinaweza kumwangusha mzee usiku anapokwenda msalani; na mtu huvizoea haraka. Jirani anayemgawia mgonjwa kidonge chake kwa huruma anaweza kumdhuru.

Tunaloweza kufanya

Wagonjwa wengi wa saratani katika nchi yetu hutoka mbali kwenda Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Wakimaliza mzunguko wa matibabu wanarudi nyumbani, na kati ya kliniki moja na nyingine hupita wiki au miezi. Katika muda huo anayebisha hodi mlangoni kwao ni jumuiya ndogondogo, ni WAWATA, ni katekista, ni frateri aliye likizo. Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu.

Ningependa kuona mambo matatu. Katika seminari zetu, tunapojifunza kuhudumia wagonjwa, aalikwe muuguzi au daktari atufundishe usiku wa mgonjwa ukoje: maumivu, dawa, usingizi, hofu. Tunajifunza vema namna ya kutoa Mpako wa Wagonjwa, tujifunze pia namna ya kuuliza "unalalaje?" na kusubiri jibu. Katika parokia, wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa wapewe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye kanuni hizi na mipaka yake, uliopitiwa na mtaalamu. Na wale ndugu zetu wasomi wa tiba, saikolojia na kompyuta, waliomo tele katika parokia za mijini, wajiulize kama hawawezi kuitengeneza tiba hii kwa Kiswahili, hata kwa ujumbe wa sauti ambao mtu anaweza kuusikiliza kwenye simu ya mkononi.

Na kila mmoja wetu anaweza kuanza leo kwa kuacha. Tuache kuuliza kama mgonjwa amefunga na kusali vya kutosha. Tuache kumwambia abaki kitandani kutwa nzima, ikiwa daktari hajasema hivyo. Tuache kuigeuza sala kuwa kidonge. Sala ya usiku ya Kanisa haiombi usingizi kama malipo ya kusali; humkabidhi Mungu mtu mzima, alale au akeshe.

Nilirudi kwa yule mama nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema, "Frateri, na wewe unajifunza." Safari hii nilikwenda na muuguzi, naye ndiye aliyezungumza. Saa ya kunywa kidonge iliulizwa kliniki. Binti yake alianza kuandika daftari. Kiti kimoja cha sebuleni kilisogezwa karibu na dirisha, kikawa kiti cha usiku. Rozari ikaondolewa chini ya mto. Muuguzi alimwambia aisali jioni, kabla giza halijaingia, akiwa ameketi kitini, na asiisali ili alale. Aisali kwa sababu anampenda anayemsalia.

Sitasema kwamba ulitokea muujiza. Wiki mbili za kwanza alinilaumu, tena kwa haki, maana alikuwa anasinzia mpaka kanisani. Bado joto linampanda, na ukikaribia mwezi wa vipimo usiku unakuwa mrefu tena. Lakini mara ya mwisho nilipomuuliza, aliniambia kwamba siku nyingi humsikia jogoo mmoja tu, yule wa mwisho. Na rozari? "Tumepatana," alisema, akaitoa mfukoni mwa kitenge chake akanionyesha.

Ndugu msomaji, katika jumuiya yako yupo mgonjwa ambaye saa nane usiku wa leo atakuwa macho. Tunasema usiku wa deni haukawii kucha. Wa kwake unakawia mno. Kesho ukienda kumwona, kabla hujafungua kitabu cha nyimbo, muulize alivyolala. Kisha msikilize mpaka amalize.